Tanga la Mawese Mbele ya Mwami

Katika zama ambazo merikani, ile nguo nyeupe ya pamba, ilifika Ziwa Tanganyika juu ya vichwa vya wapagazi baada ya miezi mitatu ya miba, homa na ugomvi wa hongo ya kupita nchi za watu, palikuwa na mji ufuoni mwa mashariki ulioitwa Bukare. Usijisumbue kuutafuta kwenye ramani. Wachora ramani walipita mbali na hapo, tena wakiwa na haraka zao. Mtawala wake alikuwa Mwami Rugimba, mtu mpole, mpenda pombe ya ndizi na usingizi wa mchana, ambaye kwa miaka kumi na minane ya utawala hakuwahi kumpiga mtu hata kofi.

Mji ule ulisifika kwa mambo mawili: mawese yake mekundu, na adabu yake ya kutembea. Mbukare hakutembea ovyo. Watu wakienda shambani, sokoni au mazikoni, kila mmoja alikuwa na nafasi yake. Mbele kabisa ilitangulia nguo ya Mwami, pande la merikani lililotundikwa juu ya mti, hata kama Mwami mwenyewe kalala nyumbani anakoroma. Nyuma yake kaniki nyeusi ya mama yake Mwami. Kisha wazee, kisha wenye mikuki, kisha wenye ng'ombe, na mkiani kabisa wakamuzi wa mawese, kwa kuwa wao walidondosha mafuta njiani na anayewafuata huteleza. Mlinzi wa mambo haya alikuwa Mzee Barengayabo, Mpanga Mwendo wa Mwami, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu, aliyeijua kwa moyo miendo yote: wa mavuno, wa harusi, wa maziko, hadi mwendo wa kwenda kuoga.

Sasa katika mji wa namna hiyo akaingia mtu asiyejua kungoja zamu. Silima bin Pandu alikuwa Mtumbatu, baharia na mshona matanga, aliyeondoka Bagamoyo na msafara wa tajiri mmoja. Tajiri yule alikufa kwa ndui kabla ya Tabora, wenzake wakarudi pwani. Silima hakurudi, maana alikuwa ameambiwa kwamba huko mbele kuna bahari, na Mtumbatu ukishamwambia habari ya bahari umemharibia usingizi. Alipofika akachota maji kwa kiganja, akaonja, akakuta hayana chumvi. Akakasirika siku nzima. Kesho yake akaanza kutafuta mti wa kujengea chombo.

Alikaa. Akamwoa Nyandwi, binti wa mkuu wa Rwego, mji mdogo wa ndugu wa Wabukare uliojengwa juu ya rasi ya mawe, mwendo wa siku moja kuelekea kusini. Akajenga chombo cha mbao za mvule, chenye mlingoti mmoja na tanga moja kubwa, cha kwanza kuonekana pande zile, na watu wakakiita nyumba ya Mtumbatu iliyokosa mlango. Kilikwenda vizuri upepo ukitoka nyuma. Lakini upepo wa kusi ukivuma usoni, Silima akitaka kukigeuza apige bisho, yaani aende kwa kukata huku na huku dhidi ya upepo, chombo kilisimama katikati kama punda aliyeona nyoka, kikakataa kwenda mbele wala nyuma. Mawimbi ya ziwa lile ni mafupi na makali, hayakupi nafasi ya kujipanga.

Dawa aliijua. Alikwisha kuona kwenye vyombo vya wageni kule Unguja: mti unaotokeza mbele ya omo, sehemu ya mbele ya chombo, na juu yake tanga dogo la pembe tatu la kuivuta pua ya chombo igeuke. Tatizo lilikuwa nguo. Bukare nguo ilikuwa adimu kuliko chumvi. Ikabidi aombe, na kila aliyeombwa akatoa alichonacho. Kwa merikani aliyopewa na Mwami akashona tanga pana lenye tumbo kubwa, linaloweza kunasa hata pumzi ya mtu anayepiga miayo. Kwa kaniki ya mama yake Mwami akashona la kadiri. Na kwa vitambaa vya kuchujia mafuta, vya pamba nzito ya Ufipa, alivyoletewa na Bi Miburo, mkuu wa wakamuzi wa mawese, akashona tanga dogo, nene, lililonyooka bapa kama mlango. Lilikuwa limelowa mafuta ya miaka mingi, rangi yake kahawia, na harufu yake ilitangulia kufika kabla ya chombo.

"Matatu ya nini?" mkewe alimuuliza, akiwa na mimba ya miezi saba. "Chombo kimoja."

"Upepo ukiwa mdogo unaubembeleza kwa nguo kubwa yenye tumbo," Silima akamwambia. "Ukikasirika unauonyesha nguo ndogo iliyonyooka, unapita zake. Ukikosea ukaupa nguo kubwa wakati umekasirika, unaikamata pua ya chombo na kuipeleka unakotaka wenyewe."

"Kumbe ni kama kuishi na wewe," Nyandwi akasema, akaenda zake kufunga mizigo. Mila yao ilikuwa kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mwanamke. Akapelekwa Rwego kwa mtumbwi asubuhi moja ya maji shwari.

Haukupita mwezi, habari zikaja. Watu wa Buhoro, ndugu wa Bukare wa ukoo ule ule na mila ile ile, waligombana na Rwego juu ya soko la dagaa, na jemadari wao Ntunzwe akauzunguka mji kwa upande wa nchi kavu. Upande wa ziwa akaweka mitumbwi, ikijificha chini ya rasi. Wavuvi wawili walioponyoka walisema Rwego wameanza kula mbegu, na baruti ya magobori yao, zile bunduki za kushindilia, imebaki ya siku tatu. Maji yakiwa shwari, mtumbwi wowote wa kupeleka msaada utakamatwa. Kusi ikivuma, hakuna mtumbwi unaoweza kwenda.

Silima aliposikia hayo alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye tope. Kisha akainuka, akaenda mbio kwa Mwami, akiwapita watu wa vyeo kumi na moja ambao hakutakiwa kuwapita.

"Chombo changu kitakwenda," akasema. "Nipe baruti, Mwami. Nitangoja kusi ivume, nitakwenda nayo uso kwa uso, niingie Rwego wakati mitumbwi yao imejificha."

Mwami Rugimba hakusita. Akatoa vipipa vinne vya baruti, ndivyo vyote alivyokuwa navyo, na akasema atakusanya jeshi lifuate kwa mitumbwi upepo ukitulia. Mambo yote yangekwisha pale pale, kama Mzee Barengayabo asingeomba kwenda kukiona chombo.

Alikizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mti huu unaotokeza mbele," akasema, "nguo itakayotundikwa hapa ndiyo itakayokuwa mbele ya watu wote?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Basi ni nguo ya Mwami."

"Upepo ukiwa mdogo, naam. Ukiwa mkali nitaweka ile ndogo."

"Ya wakamuzi wa mafuta? Imtangulie Mwami?"

"Mzee, inategemea upepo."

Barengayabo akamtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mgeni aliyekaa miaka minne na bado haelewi. "Upepo una cheo gani hapa Bukare?"

Silima akaliacha swali, akarudi kwa Mwami. Alijaribu kumweleza, na Mwami alielewa kila kitu, lakini hata Mwami alimwogopa kidogo Barengayabo. Akaamua mzee aende na chombo, aitunze heshima ya nguo. Barengayabo akapanda na kigoda cha enzi cha Mwami mikononi, maana nguo ya Mwami haisafiri bila pa kukalia.

Waliondoka alfajiri, ili kusi ya mchana iwakute njiani, Silima kwenye usukani, Kabwe mvuvi kwenye kamba za mbele, wengine watatu wa kuvuta kamba na kukumba maji yanayoingia, na Barengayabo katikati, wima, akishikilia mlingoti. Upepo ulitoka nchi kavu, mwembamba kama uzi. Tanga la merikani likajaa taratibu, tumbo lake likavimba jeupe mbele yao, na chombo kikateleza bila kelele. Silima mwenyewe alikiri lilikuwa ndilo hasa tanga la saa ile. Barengayabo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ukawa wakati pekee katika safari nzima waliokubaliana.

Jua lilipokaribia utosini, kusi ikaja. Kwanza mstari mweusi juu ya maji, halafu mawimbi yenye povu, halafu upepo wenyewe, umenyooka kutoka kule wanakokwenda. Silima akapunguza tanga kubwa la mlingotini, akalikunja na kulifunga nusu yake kwenye foromali, ule mti mrefu unaolibeba. Lakini mbele merikani ilikuwa imepata wazimu. Tumbo lote lile alilolishona kwa ajili ya pumzi za miayo sasa lilibeba kusi nzima, likaikamata pua ya chombo na kuisukuma kaskazini. Wakapiga bisho kwenda kulia, wakapiga bisho kwenda kushoto, na kila walipoinua macho kutazama nchi kavu, waliona mlima ule ule wenye mti ule ule.

"Mti huu nimeshauzoea," Kabwe akasema. "Nadhani na wenyewe umetuzoea."

"Shusha la Mwami," Silima akaamuru. "Lete la mafuta."

Barengayabo, ambaye alikuwa ametapika mara tatu, kila mara akiomba radhi kwanza, aliachia mlingoti, akatambaa hadi kwenye kamba ya lile tanga, na akaikalia.

"Nguo ya Mwami haishuki mbele za watu," akasema.

"Mzee, toka hapo."

"Haishuki."

"Nilishushe bila kuweka lingine, basi. Mbele pabaki patupu."

"Msafara usio na wa kutangulia ni kundi la mbuzi. Tena umeniambia mwenyewe bila nguo ya mbele chombo kinasimama."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimwuma Silima zaidi kwa kuwa alilisema yeye. Wimbi likaingia, likawalowesha wote hadi mifupani, na mmoja wa wakumbaji akaanza kumwaga maji huku akiwataja wahenga wake kwa majina. Silima akamwachia Kabwe usukani, akaenda akachuchumaa mbele ya yule mzee, uso kwa uso.

"Mzee Barengayabo," akasema. "Mke wangu yuko kule ndani. Pengine amejifungua, pengine anajifungua sasa hivi, na chakula chao ni mbegu. Kesho baruti yao inakwisha. Mimi sina ndugu katika nchi hii, sina mama, sina baba, nina huyo tu. Nakuomba. Nitafanya lolote utakalosema, lakini nguo hii ikibaki juu tutalala Bukare."

Macho ya Barengayabo yalijaa machozi. Tusimwonee: hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wajukuu saba na aliwapenda. Lakini alichokibeba kichwani kilikuwa kizito kuliko yeye, na hakujua kukitua.

"Ningoje," akasema. "Nitafute." Akafumba macho, akaanza kuipitia miendo kwa sauti ndogo, huku chombo kikiruka. Mwendo wa mavuno: Mwami mbele. Wa harusi: Mwami mbele. Wa mvua: Mwami mbele, amelowa. Wa maziko ya shangazi. Wa maziko ya mjomba.

"Na wa vita?" Silima akauliza.

Mzee akafumbua jicho moja. "Mwendo wa vita haujatumika tangu enzi ya babu yake Mwami. Nilifundishwa nao ili usipotee tu."

"Nani anatangulia?"

Mzee akajibu polepole, kama mtu anayetoa mwiba: "Wakamuzi wa mawese. Humwaga mafuta njiani ili adui ateleze. Nyuma yao Mwami, ameketi, nguo yake imelala juu ya kigoda. Nyuma ya Mwami, jeshi lote."

"Basi tuko vitani."

"Jeshi liko wapi?"

Silima akatazama nyuma, kwenye maji matupu hadi upeo wa macho. "Linakuja. Mwami amesema."

"Unaapa?"

"Naapa," Silima akasema, na moyoni akamwomba Mungu amsamehe, au amharakishe Mwami, lolote litakalokuwa jepesi.

Barengayabo akainuka kwenye kamba. "Lakini haishuki hivi hivi. Inaketi."

Ikaketi. Kigoda kikawekwa chini ya mlingoti na kufungwa kwa kamba. Merikani ikateremshwa na watu wanne bila kugusa maji, ikakunjwa mara saba, ikalazwa kigodani, na wote wakatakiwa kupiga magoti na kupiga makofi matatu kuisalimu, mshika usukani naye. Kabwe akaomba ruhusa ya kupiga kwa mkono mmoja juu ya paja. Akanyimwa. Akapiga makofi yake matatu upesi ajabu, na chombo kikalala ubavu hadi maji yakaingia mpaka kwenye vipipa vya baruti, ndipo akaurukia tena usukani.

Sasa likapanda tanga la mawese. Mwanzo halikufaa. Kamba yake ya kuvutia ilipofungwa nyuma sana, chini kulikaza na juu kukapigapiga kama sikio la ng'ombe. Ilipofungwa mbele sana, juu kukakaza, chini kukafanya mfuko. Silima alihamisha kamba ile kutoka ubavu hadi ubavu, zile mbao zilizopinda ndani ya chombo kama mbavu, akiinama kila mara kutazama mshono wa mbele, akitukana kwa Kitumbatu, hadi alipoifunga kwenye ubavu wa tatu kutoka mlingotini. Tanga likanyooka lote kwa pamoja. Kelele ikakoma. Chombo kikainua pua, kikaukata upepo, na walipogeuza, kile kitambaa kidogo kinene kikaivuta pua upande wa pili kwa utiifu, tena na tena. Ule mlima wenye mti ukaanza kurudi nyuma. Silima alicheka peke yake kama mwendawazimu, na mafuta na maji yakimdondokea usoni.

Alasiri wakaiona rasi ya Rwego, na moshi wa kambi ya Buhoro juu yake. Upande wa huku rasi iliukinga upepo, maji yalikuwa yametulia, na hilo ndilo Silima alilokuwa amelisahau. Mitumbwi mitano ikatoka chini ya mawe, wapiga makasia ishirini katika kila mmoja, mikuki imesimama wima.

"Fungueni baruti, tuwawashie moto," akasema. Wakafungua. Vipipa vyote vinne vilikuwa uji mweusi.

Aliyekuwa bado na kazi ni Barengayabo peke yake, aliyekuwa amesimama kando ya kigoda, akiifukuzia nzi nguo ya Mwami kwa mgwisho wa mkia wa ng'ombe, kama inavyotakiwa.

Mitumbwi ikaja, ikaja, kisha ule wa mbele ukapunguza. Mtu aliyesimama ndani yake, mwenye ngozi ya chui begani, alikuwa akitazama kile kitambaa cha kahawia kilichotangulia. Pua yake ikamthibitishia macho. Akatazama kigoda. Akatazama nguo nyeupe iliyoketi juu yake. Makasia ya mitumbwi yote mitano yakasimama. Buhoro nao walikuwa na Mpanga Mwendo wao, nao walifundishwa tangu utoto kwamba nguo ya Mwami haiketi vitani pasipo jeshi lake nyuma, na hapajawahi kuzaliwa mwendawazimu wa kuiketisha vinginevyo.

"Mafuta yametangulia?" yule mtu akauliza, kwa sauti ya adabu sana.

"Yametangulia," akajibu Barengayabo.

"Na Mwami?"

"Ameketi."

"Na nyuma ya Mwami?"

Hapo Silima akataka kusema kitu, chochote. Lakini Barengayabo alikuwa ameulizwa swali la kazi yake, na tangu kuzaliwa hakuwahi kuliacha swali la kazi yake likae. Akanyoosha shingo na kuanza kuusoma mwendo wa vita wote, kama alivyofundishwa. Vikosi thelathini vya ngao nyeusi, kila kikosi na jina lake. Vikosi ishirini vya pinde. Wapiga ngoma tisa. Wachoma nyumba. Wabeba kamba za kufungia mateka. Alisoma bila kupumzika, macho yamefumba, na aliposahau jina la kikosi alirudi nyuma akaanza upya. Alipofika kwa wachimba makaburi, mitumbwi ilikuwa imekwisha kugeuka. Kabla hajamaliza, moshi wa kambi juu ya rasi ulikuwa umekatika, na watu wa Ntunzwe walionekana wakishuka upande wa pili wa kilima, wengine wameacha vyungu motoni.

"Na mbwa wa Mwami," Barengayabo akamalizia, akafumbua macho. "Wamekwenda wapi?"

Waliingia Rwego kwa furaha kubwa lakini vibaya, maana Silima alikuwa na haraka, akakipandisha chombo juu ya mwamba na foromali ikavunjika vipande viwili. Hakujali. Akaruka majini, akapanda mawe kwa mikono na miguu, akaingia nyumba kwa nyumba akiita. Nyandwi alikuwa nyumbani kwa mama yake, amekonda, ameketi juu ya mkeka, na binti wa siku mbili akinyonya kifuani mwake.

"Umechelewa," akamwambia.

Silima akafungua kinywa amweleze habari ya upepo, na tumbo la tanga, na kigoda. Badala yake akakaa chini akalia waziwazi, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo nalo halikuwa na nafasi katika mila zao.

Aliyekuwa na huzuni Rwego nzima ni Barengayabo. Watu walicheza ngoma, yeye akakaa chomboni peke yake. Jeshi halikuwa limetokea. Alikuwa ameiketisha nguo ya Mwami vitani bila jeshi, na adhabu ya Mpanga Mwendo anayevunja mwendo ni kufukuzwa nchi. "Mwendo ulioanza wa vita," akasema siku ya kuondoka, "hauishi mpaka Mwami aambiwe. Tutarudi hivi hivi. Mafuta mbele."

Wakaondoka, Nyandwi na mtoto wakiwamo; kusi ilikuwa imekufa, pamebaki kijiupepo cha kutoka nyuma. Tanga kubwa halikuwa na foromali ya kulibeba. Kwa ile merikani yenye tumbo wangefika Bukare siku moja. Kwa kile kitambaa cha mafuta, kizito na bapa, chombo kilitambaa. Kabwe alisema aliona konokono ufuoni akiwapungia mkono.

Siku ya kwanza Barengayabo alishinda akimtazama mtoto. Ilimsumbua. Mjukuu wa mkuu wa Rwego, binti wa mgeni asiye na cheo, aliyezaliwa vitani: nafasi yake ni wapi? Mama yake akimpakata mbele ya mlingoti, yuko mbele ya Mwami. Akimpeleka nyuma, jua linamchoma. Siku ya pili mchana akatoa hukumu.

"Mtoto mchanga hajapewa nafasi katika mwendo wowote," akasema. "Nimepitia yote. Asiye na nafasi hawezi kuvunja nafasi. Akae penye kivuli."

Kivuli pekee kilikuwa mbele kabisa, chini ya tanga la mawese. Wakamtandikia pale, kwenye omo, mbele ya mafuta na mbele ya Mwami. Silima akampa Kabwe usukani, akaenda akakaa kando ya binti yake, akawa anamtazama anavyolala na harufu ile mbaya juu yake. Mtu huyu aliyekuwa akigombana na hewa ikichelewa kuvuma alikaa pale siku mbili nzima, na mara mbili Nyandwi alimsikia akiuomba upepo usizidi.

Siku ya nne wakakutana na jeshi. Mitumbwi thelathini na mitano, Mwami Rugimba mwenyewe katikati, amekasirika na amechomwa na jua. Lilikuwa limechelewa kwa sababu moja tu: aliyejua nani aingie mtumbwi upi, na upi uondoke kwanza, alikuwa ndani ya chombo cha Silima. Siku sita watu walikuwa wamegombana ufuoni Bukare, na mwishowe wakaondoka kwa kufuata urefu wa mtu.

Barengayabo alisimama. Akahesabu mitumbwi yote kwa kidole. Jeshi lilikuwepo. Likapangwa upya pale pale majini, kwa sauti yake, kikosi kwa kikosi, nyuma ya kigoda chenye nguo, na mwendo ukakamilika. Mwami akaulizia mambo yalivyokuwa, akasikiliza hadi mwisho, na akaamuru yahifadhiwe kama yalivyotokea, bila kupunguza wala kuongeza.

Yakahifadhiwa. Jina la Silima halimo, wala la Bi Miburo, wala habari ya ubavu wa tatu kutoka mlingotini. Lakini mwendo wa vita wa Bukare, kila Mpanga Mwendo aliyemfuata Barengayabo aliusoma hivi: kwanza mtoto mchanga, kisha mafuta, kisha Mwami ameketi, kisha jeshi. Na kwa kuwa ilikuwa mila, haikuweza kuvunjwa. Vizazi vitatu baadaye, wajukuu wa Rugimba walipotaka kwenda kupigana, kwanza iliwabidi wapite nyumba kwa nyumba wakiomba mtoto wa kutangulia. Wakapita Bukare yote, wakapita Rwego, wakapita hadi kwa wageni. Hakuna mama aliyewapa mwanawe, na Bukare haikwenda vitani tena.